Siri ya mita 1,500: Kwa nini nguvu pekee hazimfikishi mwogeleaji

KILA Jumamosi asubuhi, vidimbwi vya kuogelea vya shule na vilabu mtaani Parklands, Nairobi, hujaa watoto waliovaa kofia za mpira na miwani ya majini. Wazazi huketi kandokando wakiwa wamejifunga masweta, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai, baadhi yao wakishika saa za kupimia muda.

Kipenga kinapolia, kelele inayotawala ni moja: "Vuta! Vuta! Ongeza mikono!"

Ni ushauri unaotolewa kwa nia njema. Katika mbio za mita 25 au 50, huenda ukamfaa mtoto. Lakini katika mita 800 au 1,500, ushauri huo huo ndio humchosha kabla hajafika nusu ya safari.

Makala haya yanafafanua sababu yake. Yanajaribu pia kujibu swali ambalo aghalabu huulizwa na wapenzi wa michezo humu nchini: Mbona taifa linaloogopwa kote duniani katika mbio ndefu za nchi kavu halijapata kuvuma katika mbio ndefu za majini?

Hakika hicho ni kitendawili. Waogeleaji waliolitangaza jina la Kenya kwa muda mrefu wamekuwa wale wa masafa mafupi. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo jijini Beijing mwaka 2008, ingawa ilivunjwa muda mfupi baadaye. Alimaliza wa tano katika fainali. Mwaka 2010, akaishindia Kenya dhahabu ya mita 50 mtindo huo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi.

Katika Olimpiki za Paris mwaka 2024, Kenya iliwakilishwa kidimbwini na Maria Brunlehner katika mita 50 mtindo huru, na Ridhwan Mohamed katika mita 400. Kuwepo kwa Mohamed katika mita 400 ni dalili kwamba mlango wa masafa marefu haujafungwa.

MAJI SI HEWA

Ili kuelewa mbio ndefu za kuogelea, sharti kwanza tuelewe adui anayekabiliwa.

Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Ndiyo sababu Mmarekani Bobby Finke, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 jijini Paris mnamo Agosti 2024 kwa dakika 14 na sekunde 30.67, alikuwa akisafiri kwa kasi ya takriban kilomita 6.2 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea upesi kutoka Parklands kuelekea katikati ya jiji akihofia kuchelewa kazini.

Linganisha na marehemu Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago mnamo Oktoba 2023 kwa saa mbili na sekunde 35. Kasi yake ilikuwa kilomita 21 kwa saa.

Finke si mnyonge kuliko Kiptum. Ni kwamba mkimbiaji hupasua hewa, ilhali mwogeleaji hupasua kitu kinachomrudisha nyuma kila anaposogea mbele.

Isitoshe, ukinzani huo hauongezeki kwa ulinganifu. Mwogeleaji akizidisha kasi yake mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka takriban mara nne, na nguvu anazopaswa kutumia kila sekunde huongezeka mara nane. Anayetaka kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu hulazimika kutoa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 33.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Katika nchi kavu, jitihada za ziada hulipa vizuri. Majini, jitihada za ziada hulipa kidogo sana, na deni lake huja mapema. Kwa hivyo, mwogeleaji wa masafa marefu ana njia mbili pekee za kuongeza kasi: kusukuma maji kwa ufanisi zaidi, au kupunguza ukinzani. Na aghalabu hiyo ya pili ndiyo iliyo rahisi.

HESABU MBILI TU

Kasi ya mwogeleaji hutokana na mambo mawili yanayozidishwa: umbali anaosafiri kwa kila mzunguko wa mikono, na idadi ya mizunguko anayopiga kwa dakika.

Chukua mfano wa waogeleaji wawili wanaokwenda mita 1.6 kwa sekunde. Wa kwanza husafiri mita 2.4 kwa kila mzunguko, na hupiga mizunguko 40 kwa dakika. Wa pili husafiri mita 1.92 tu, lakini hupiga mizunguko 50. Watafika ukutani pamoja.

Nani kati yao ana mtindo bora? Jibu la haraka ni kwamba yule wa kwanza, kwa kuwa mikono yake hufanya kazi mara chache. Lakini historia inatuonya tusihukumu upesi.

Mwaka 1988 mjini Seoul, msichana wa Marekani, Janet Evans, mwenye kimo cha takriban mita 1.65, alinyakua dhahabu za mita 400 na 800 mtindo huru, pamoja na mita 400 mseto. Wataalamu wengi wasingethubutu kumfundisha mtoto kuogelea alivyoogelea yeye. Mikono yake ilirushwa juu ikiwa imenyooka, ikazunguka upesi mithili ya mabapa ya kinu cha upepo. Hata hivyo, rekodi ya mita 800 aliyoiweka mwaka 1989 ilidumu hadi 2008.

Miaka 24 baada ya Seoul, jijini London, Mchina Sun Yang alishinda mita 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 31.02. Kimo chake kinakaribia mita mbili. Alitumia mipigo isiyofika 30 kuvuka mita 50, kila mkono ukitangulia mbele na kutulia kidogo kabla ya kushika maji. Kisha, wenzake walipokuwa wakihema, yeye akaziogelea mita 50 za mwisho kwa chini ya sekunde 26.

Baadaye jina la Sun lilitiwa doa na sakata ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku, akafungiwa miaka minne na miezi mitatu. Lakini rekodi yake ilisalia hadi Finke alipoivunja mwaka 2024.

Evans na Sun walikuwa kama mbingu na ardhi kwa mtazamo wa nje. Mmoja alikuwa na mpigo mfupi wa haraka, mwingine mrefu wa taratibu. Walichoshiriki ni kwamba kila mmoja alijua kipimo cha mwili wake na akakishikilia hadi mwisho. Mtoto mfupi asilazimishwe kuteleza kama Sun, wala mrefu asilazimishwe kuzungusha mikono kama Evans.

MKONO KAMA KASIA

Pamoja na tofauti hizo, kuna sehemu moja ya mpigo ambayo waogeleaji bora hufanana sana: jinsi mkono unavyoyashika maji.

Mvuvi wa Lamu au Vanga angelielewa jambo hili bila kuelezwa. Kasia likilazwa juu ya maji hurusha povu na chombo hakiendi. Likizamishwa wima na kuvutwa kuelekea nyuma, chombo husonga kwa ukimya.

Kwa mwogeleaji, kasia si kiganja peke yake. Ni kiganja pamoja na mkono mzima kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mkono unapoingia majini mbele ya bega na kunyooka, vidole huelekezwa chini huku kiwiko kikibaki juu, karibu na uso wa maji. Sehemu ya chini ya mkono ikishasimama wima, ndipo mwogeleaji huuvuta mwili wake upite mahali mkono ulipo.

Kosa linaloonekana sana vidimbwini ni kukiacha kiwiko kianguke, au kuubonyeza mkono ulionyooka kuelekea chini. Mtoto huhisi uzito mkononi na kudhani anafanya kazi kubwa. Kwa kweli anainua kifua chake juu badala ya kujisukuma mbele. Kifua kikiinuka, miguu huzama, na mwili uliopaswa kupita kwenye tundu dogo hugeuka kuwa ukuta.

Kosa la pili ni mkono kuvuka mstari wa katikati ya mwili mbele ya kichwa. Mwogeleaji wa aina hiyo hujipinda kama nyoka na kuogelea masafa marefu kuliko aliyopangiwa.

Dawa ya makosa yote mawili huanzia kiwiliwilini. Mwogeleaji bora halali kifudifudi kama ubao. Hubingiria upande hadi upande kwa kila mpigo, bega moja likiinuka huku jingine likishuka. Hilo humwezesha kutumia misuli mipana ya mgongo badala ya kuliachia bega mzigo wote.

Suala la bega si la mzaha. Mtoto anayetumia mipigo 30 kwa kila mita 50 atapiga mipigo 900 katika mita 1,500. Akifanya mazoezi ya kilomita sita kwa siku, ni mipigo 3,600, yaani 1,800 kwa kila bega. Mpigo wenye kasoro ukirudiwa mara zote hizo, siku baada ya siku, maumivu ya bega ni suala la muda tu. Si ajabu wanaofundishwa vibaya wakiwa na umri wa miaka 10 huacha mchezo kabla ya kufika 16.

MIGUU NA PUMZI

Misuli ya mapaja ni mikubwa, na hula oksijeni kwa pupa. Katika mbio fupi, mwogeleaji huweza kupiga mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono kwa sababu mbio huisha kabla deni halijadaiwa. Katika mbio ndefu, wengi hupunguza hadi mateke mawili au manne, wakiitumia miguu kuusawazisha mwili zaidi ya kuusukuma. Mateke sita huwekwa akiba ya mita 100 za mwisho.

Kuhusu pumzi, kuna imani kwamba lazima mwogeleaji apumue pande zote mbili, kila baada ya mipigo mitatu. Ni zoezi zuri la kuupatia mwili usawa. Hata hivyo, wengi wa mabingwa wa masafa marefu hupumua upande mmoja kila baada ya mipigo miwili, kwa sababu rahisi kwamba mwili unadai hewa.

Mfano mashuhuri ni Mmarekani Katie Ledecky, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 ya dakika 15 na sekunde 20.48 mwaka 2018, na ya mita 800 ya dakika nane na sekunde 4.12 mnamo Mei 2025. Ledecky hupumua upande wa kulia, na mpigo wake hauna ulinganifu. Huonekana kana kwamba anaruka juu ya wimbi lake mwenyewe, mwendo wa farasi anayekwenda shoti. Mkufunzi asiye mwangalifu angelimrekebisha. Lakini saa haikulalamika.

Jambo lisilosamehewa ni kichwa kuinuliwa wakati wa kuvuta pumzi. Kichwa hugeuzwa pamoja na mwili, jicho moja likibaki majini. Kikiinuliwa, nyonga hushuka, na kosa hilo hulipiwa kila baada ya sekunde mbili, kwa robo saa nzima.

Wakazi wa Nairobi wana jambo jingine la kuzingatia. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mkimbiaji katika mwinuko hupata angalau afueni ya hewa nyepesi. Mwogeleaji hapati afueni hiyo, kwani maji ya Parklands ni mazito sawa na ya Mombasa. Anachopata ni upungufu wa oksijeni tu.

Maana yake ni mbili. Kwanza, mtoto wa Nairobi huchoka mapema, na uchovu ukiingia, kiwiko huanguka. Anahitaji mapumziko zaidi kati ya mizunguko ya mazoezi ili asizoee kuogelea vibaya. Pili, mwili wake hujifunza kuitumia oksijeni haba. Waogeleaji wa Ulaya na Marekani hugharimia safari hadi Sierra Nevada nchini Uhispania, au Flagstaff nchini Marekani, kutafuta mwinuko. Mtoto wa Parklands huamka nao.

KUUGAWA MWENDO

Mwogeleaji anayeanza mita 1,500 kwa kishindo hulipa gharama ile ya ukinzani tuliyoitaja. Sekunde mbili anazozipata mwanzoni humpotezea nyingi zaidi mwishoni. Haraka haraka haina baraka, na majini methali hii ni kanuni ya fizikia.

Rekodi ya Finke inaonyesha wastani wa takriban sekunde 29 kwa kila mita 50, mara 30. Hapo awali, jijini Tokyo mwaka 2021, Finke alisifika kwa kujificha nyuma na kuwapita wenzake mwishoni. Jijini Paris alibadili mbinu na kutangulia mapema, lakini bila kupoteza mdundo wake.

Waafrika wenzetu wamethibitisha kwamba sayansi hii haina uraia. Mtunisia Oussama Mellouli alishinda mita 1,500 Beijing mwaka 2008. Miaka minne baadaye, London, aliongeza dhahabu ya kilomita 10 katika maji ya wazi pamoja na shaba ya mita 1,500. Mwenzake Ahmed Hafnaoui alitwaa dhahabu ya mita 400 Tokyo akitokea mkondo wa nane, kisha mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa mita 800 na 1,500 mjini Fukuoka. Katika mita 1,500, alimshinda Finke kwa sehemu tano za mia za sekunde.

KUTOKA PARKLANDS HADI KASARANI

Basi kwa nini Kenya haijapata Mellouli wake?

Sehemu ya jibu iko katika zege. Vidimbwi vingi vya shule na vilabu jijini ni vya mita 25. Katika kidimbwi hicho, mita 1,500 zina migeuko 59 ukutani. Katika kidimbwi cha Olimpiki cha mita 50, ni migeuko 29 tu. Kila mgeuko humpa mwogeleaji msukumo wa miguu na mikono kupumzika kidogo. Mtoto aliyelelewa kwa migeuko 59 anapofika kwenye kidimbwi cha mita 50 cha Kasarani, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, hugundua kwamba nusu ya msaada wake umetoweka. Asipokuwa na mpigo mzuri, hapo ndipo siri hufichuka.

Sehemu nyingine ni historia. Enzi za ukoloni, makazi ya Nairobi yaligawanywa kwa misingi ya rangi, Parklands ikiwa hasa makazi ya Waasia, na Waafrika wakasukumwa mashariki ya jiji. Shule na vilabu vyenye vidimbwi vilibaki magharibi. Hadi leo, mtoto wa Kariobangi huhitaji nauli na ada kabla hajalowesha kidole. Mkimbiaji wa Iten huhitaji barabara tu.

Lakini sehemu ya tatu iko mikononi mwetu, nayo haihitaji bajeti. Ni namna tunavyowapima watoto. Mashindano mengi ya wadogo ni ya mita 25 na 50, na anayesifiwa ni anayerusha maji mengi. Mtoto mtulivu mwenye mpigo mrefu humaliza wa tano, akaambiwa hana kasi. Yamkini huyo ndiye tuliyekuwa tukimtafuta.

Kuna kipimo rahisi ambacho mzazi yeyote anaweza kukitumia. Mtoto anapoogelea mita 25, hesabu mipigo ya mikono yake na sekunde alizotumia, kisha ujumlishe. Tuseme ametumia mipigo 24 na sekunde 22. Jumla ni 46. Baada ya wiki kadhaa za kurekebisha kiwiko na kichwa, akitumia mipigo 20 kwa sekunde zile zile 22, jumla ni 42. Saa haijabadilika, lakini mtoto ameokoa mipigo minne. Katika mita 1,500 za kidimbwi hicho, ameokoa mipigo 240.

Kisha mwache aogelee mita 100 mara nane, akipumzika kidogo kila anapomaliza. Hesabu mipigo ya kila duru. Pale idadi inapoanza kupanda ghafla ndipo mtindo wake unapovunjika, na hapo ndipo mazoezi ya siku hiyo yanapaswa kukomea. Kuendelea ni kumfundisha mtoto kukosea.

Samaki mkunje angali mbichi. Mapafu na misuli vinaweza kujengwa ukubwani, na wanariadha wetu wengi wamethibitisha hilo. Namna ya kuyashika maji ikishazoeleka vibaya kwa miaka kumi, ni vigumu mno kuiondoa.

Kwa hivyo, Jumamosi ijayo, kipenga kitakapolia kando ya kidimbwi, pengine ingefaa kelele zipungue kidogo. Atakayekuwa akihesabu mipigo kimyakimya huenda akamsaidia mtoto wake kuliko anayepaza sauti.